Niliyojifunza kwa Kivinjari Kilichoganda

Kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni kwetu Tanga inatumiwa na nyumba nzima, pamoja na majirani. Wanafunzi huijazia fomu za mikopo na za vyuo, na shangazi huangalia mishono ya vitambaa. Kivinjari kikiganda, mara nyingi anayeumia ni mtu mwenye shughuli isiyongoja. Nayaandika haya kwa sababu inaniuma kuona watu wanalipa wapigiwe Windows upya kwa tatizo ambalo wangelimaliza wenyewe.

1. Jua kwanza kilichokwama ni nini

Fungua kichupo kipya au bofya menyu. Ikifunguka, kivinjari ni kizima. Kinachosumbua ni intaneti, bando lililokwisha, au tovuti iliyozidiwa na watu. Dirisha likipauka na kuandika kwamba programu haijibu, maana yake limekaa kama sekunde 5 bila kuitikia kipanya wala kibodi. Hapo bado halijafa. Liache kidogo, wala usibofyebofye, kwa maana kila unachobofya kinaongeza foleni ya kazi. Kama hata kishale hakisogei na taa ya Caps Lock haibadiliki ukiibonyeza, iliyoganda ni kompyuta nzima.

2. Funga ukurasa mmoja, usifunge vyote

Hili ndilo lililonifaa kuliko yote. Tangu ilipotoka mwaka 2008, Chrome hugawa kurasa zake katika michakato mbalimbali ili mmoja ukianguka mingine iendelee, na Firefox ilikuja kufanya hivyo baadaye. Ndiyo maana ukitazama orodha ya programu za Windows unakuta jina la Chrome limejirudia mara nyingi. Jirani mmoja alidhani ni virusi. Si virusi hata kidogo.

Ukiwa ndani ya Chrome, Edge au Firefox, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka orodha inayoonyesha kila ukurasa unakula memori kiasi gani. Chagua unaokula kupita kiasi, uufunge. Binti wa dada yangu alikuwa katikati ya fomu ya mkopo, siku ya mwisho ya kutuma maombi, kila kitu kikasimama. Kumbe mlaji alikuwa ukurasa wa video uliokuwa wazi pembeni. Tukaufunga huo tu, na fomu ikabaki na kila alichokijaza. Tungechomoa waya ukutani, angeanza moja.

Kivinjari kikigoma kabisa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ukifunge kwa kupitia Windows yenyewe. Ukikifungua tena, Ctrl, Shift na T hurudisha kurasa zilizofungwa, ila maandishi uliyokuwa umejaza mara nyingi hayarudi. Ndiyo sababu nawasisitizia vijana waandike maelezo marefu kwanza kwenye Word, wahifadhi, kisha wanakili.

3. Shuku viendelezi

Hizi ni programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari: za kupakua video, kuzuia matangazo, kutafsiri. Fungua dirisha fiche la Chrome, ambalo huanza bila viendelezi usipokuwa umeviruhusu. Tovuti ikienda vizuri humo, zima viendelezi kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

4. Kuna kuganda kwa uongo

Ukurasa unajaa skrini nzima, king'ora kinalia, na maandishi yanakuonya kwamba kompyuta ina virusi na upige namba fulani. Huo ni utapeli, na wazee wetu ndio wanaonaswa zaidi. Usipige namba hiyo. Shikilia Esc mpaka skrini irudi, au kifunge kivinjari kwa njia niliyoieleza hapo juu. Ukikifungua, kikikuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa.

5. Safisha akiba, acha nywila

Ctrl, Shift na Delete hufungua sehemu ya kufuta. Weka alama kwenye picha na faili zilizohifadhiwa peke yake. Ukifuta na nywila, nyumba nzima itakosa kuingia kwenye akaunti zake. Usiifanye kazi hii kila siku, maana kila kilichofutwa kitapakuliwa upya kwa bando lako.

6. Mashine nayo ina kikomo

Kompyuta nyingi za mtumba zina RAM ya GB 4. Ikijaa, Windows huhamishia kazi kwenye diski, na diski za zamani zinazozunguka ni nzito mno kwa kazi hiyo. Kuongeza RAM au kuweka SSD kunasaidia kuliko kupiga Windows upya. Umri wa mfumo nao uangalie: toleo la 109 la Chrome, la Januari 2023, ndilo la mwisho kukubali Windows 7, na Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta ya kwenu bado ina Windows 7, tafadhali msiitumie kuingia kwenye akaunti za benki.