Dondoo muhimu: Kufufua Land Rover ya zamani nyumbani
Land Rover za Series, zilizotengenezwa kati ya 1948 na 1985, zina bodi ya aluminiamu inayodanganya macho: juu inang'aa, chini chesisi ya chuma inaliwa na kutu. Kabla hujalipa hata shilingi, lala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi yote, hasa nyuma na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia vizuri. Mlio ukiwa butu, au bisibisi ikizama, ujue kuna kuchomelea, na hapo ndipo pesa nyingi huishia.

Ukishanunua, anza na breki. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Badilisha raba za silinda, mipira na oili ya breki. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbestosi, kwa hiyo lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize.

Usifungue gari zima kwa mpigo. Maliza mfumo mmoja ndipo uguse mwingine. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya, na bolti za kila sehemu zikae kwenye kopo lake lenye maandishi. Bolti iliyoganda, iloweshe mafuta usiku kucha.

Ukienda kutafuta spea, iwe Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, beba kipuri cha zamani ulinganishe papo hapo.

Kamwe usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nunua stendi za chuma, tena imara.