Fuma, Fumua: Mafunzo Niliyopata kwa Sindano na Cherehani

Nimezaliwa na kukulia Tanga, na mpaka nilipohamishiwa Njombe kikazi sikuwa nimewahi kumiliki sweta. Juni yetu ya kwanza kule, mwanangu wa miaka minne aliamka akitetemeka, vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa na cherehani ya mguu niliyorithi kwa shangazi, ambayo miaka yote niliiwekea redio juu. Nikaishusha redio.

1. Anza na kukunja khanga

Wengi huanza na gauni, wakakata tamaa kabla ya kufika kwenye zipu. Mimi nilianza na khanga, na ndiko ninakomwanzisha kila anayeniomba nimwonyeshe. Khanga mpya huuzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa bado vimeungana. Unakata katikati, unakunja ncha zilizokatwa mara mbili, unashona. Doti moja inakupa mistari minne iliyonyooka, kila mmoja karibu mita moja, na ukikosea kidogo khanga inavalika vilevile.

Kabla ya khanga nilishona karatasi. Wiki nzima, bila uzi, nilipitisha kurasa za daftari chini ya sindano nikijitahidi matundu yafuate mstari. Cherehani ya mguu ina tabia yake: gurudumu likizunguka kinyume, uzi unajisokota na kukatika. Kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaoanza, unalivuta gurudumu dogo kuja upande wako, kisha miguu inapokea, kisigino na vidole kwa zamu. Siku ya sita matundu yalikaa kwenye mstari kuanzia juu ya ukurasa hadi chini. Ukurasa ule ninao mpaka leo.

2. Uzi ukivurugika chini, tazama juu

Hili lilinipotezea siku nyingi. Upande wa juu mshono ulikuwa safi. Nikigeuza kitambaa, chini kuna kichaka cha nyuzi. Nikawa nafungua bobini, naisafisha, nairudisha, na kichaka kinarudi palepale. Mshono wa cherehani hutokana na nyuzi mbili, wa sindano na wa bobini, zinazokutana katikati ya kitambaa. Uzi wa juu usipobanwa, unavutwa chini na kurundikana huko. Dawa ni kuutoa uzi wa juu wote na kuupitisha upya, mguu wa kubania kitambaa ukiwa umeinuliwa, kwa sababu ukiwa umeshuka vile visahani vinavyobana uzi vimefumba, na uzi unapita pembeni bila kuingia.

3. Jifunze kufumua mapema

Kiswahili kimeyaweka matendo haya mawili katika neno moja: anayefuma anafumua, anayeshona anashonoa. Mimi nilijifunza kufumua kabla sijajua kufuma, kwa sababu uzi mpya wa sweta ulikuwa ghali kwangu. Bibi mmoja jirani yangu alinipeleka kwenye mitumba. Nilimsalimu "Kamwene", salamu ya huko, akacheka kwa furaha, akanishika mkono.

"Usitazame rangi kwanza, mwanangu," akaniambia. "Geuza ndani."

Tulikuwa tunatafuta masweta yaliyotoboka viwiko, yanayouzwa bei ya chini. Akanionyesha mshono wa ubavuni. Ukikuta kingo mbili safi zilizounganishwa kwa mnyororo wa uzi, sweta hilo litafumuka lote. Ukikuta limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache, maana kila mstari umekatika pembeni na utaambulia vipande vifupi vifupi. Nyumbani tulishonoa mishono ya ubavuni, tukatafuta pale fundi alipomalizia, karibu na shingo, tukavuta. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa. Tukauzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga sehemu nne usichanganyikane, tukauloweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha tukautundika na chupa ya maji ikining'inia chini yake. Asubuhi ulikuwa umenyooka.

Tangu siku hiyo kosa halinitishi. Nikiliona, nafumua mpaka nilipokosea, naendelea.

4. Kroshia kwanza, sindano mbili baadaye

Kwenye kroshia kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, ukikipoteza, unakidaka. Kwenye sindano mbili mstari mzima uko wazi, na kitanzi kimoja kikichomoka kinaporomoka mstari baada ya mstari. Anza na kitambaa cha kochi.

5. Fuma kipande cha majaribio

Kwa sweta la kwanza la mwanangu nilihitaji mzunguko wa sentimita 60. Nilianza na vitanzi 130 kwa kukisia tu, na baada ya wiki tatu za jioni lilikuwa na sentimita 72. Lilimning'inia mabegani, na baridi ilikuwa bado haijaisha. Nilipolipima ndipo nikaona kwamba kila sentimita 10 ilikuwa na vitanzi 18, yaani nilihitaji 108 tu. Kipande kidogo cha majaribio, kilichofumwa kwa uzi uleule na sindano zilezile, kingeniambia hayo kwa jioni moja. Mwanangu alilingoja sweta lake wiki tatu nyingine, na hilo liliniuma.

6. Fua kitambaa kabla ya kukikata

Pamba hurudi ikifuliwa. Na uzi wa akriliki usiupige pasi ya moto, unayeyuka.

7. Tafuta macho ya mtu

Video za kwenye simu zilinifundisha mengi, nazishukuru. Lakini video haikuoni. Miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa ngumu, inavuta upande mmoja, nikadhani ni uzi. Bibi akaishika, akaitazama kwa karibu, akasema vitanzi vyote vimesokotwa: sindano nilikuwa naiingiza nyuma ya kitanzi badala ya mbele. Ilikuwa kazi ya dakika moja kwake.

Ni yeye pia aliyenifundisha kufuma mikono ya sweta la mtoto kuanzia begani kushuka. Sweta hufumuka kuanzia pale ulipomalizia, kwa hiyo mtoto akirefuka unafumua pindo la mkono tu na kuendelea kuufuma. Mwanangu sasa ana miaka sita, na mikono ya sweta imemwishia juu ya kifundo cha mkono. Jana usiku nilifungua fundo la mwisho, nikavirudisha vitanzi 36 kwenye sindano kimoja kimoja. Naongeza sentimita 5.