Mbegu 1,024 za Alizeti

Wanachuo wenzangu, ukienda mazoezi ya kufundisha ukakuta shule haina kompyuta, somo hili litakufaa.

Nilipangiwa sekondari moja wilayani Ikungi. Siku ya msimamizi kunikagua, nilifundisha kidato cha pili jinsi mchezo wa mezani unavyohamishiwa kwenye kompyuta za zamani. Nilichagua vita vya meli: kila upande una miraba 100, unaficha meli zako, mwenzako anataja mraba anaopiga. Meli nilizipa majina ya zile za Wajerumani zilizokuwa Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia: Kingani miraba 2, Hedwig von Wissmann 3, Graf von Götzen 4. Hiyo ya mwisho ndiyo MV Liemba ya leo.

Kompyuta yetu ya kufikirika ilikuwa ZX81, iliyotoka Uingereza mwaka 1981. Kumbukumbu yake: baiti 1,024 basi. Kwa hiyo nilikwenda darasani na mbegu 1,024 za alizeti, kila mbegu baiti moja.

ZX81 hutumia baiti 5 kutunza namba moja. Tukaupa kila mraba namba: 0 maji, 1 meli. Uwanja mmoja ukala mbegu 500, wa pili 500. Zikabaki 24, na maelekezo ya mchezo hayajaandikwa hata mstari mmoja!

Jibu nilikuwa nalo kwenye andalio la somo: tumia herufi badala ya namba. Herufi moja ni baiti moja, hivyo viwanja viwili vinakuwa mbegu 200. Kabla sijasema, binti mmoja akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kwani lazima tutunze na maji?”

Nilitamani kumwambia asubiri. Msimamizi yuko nyuma na fomu yake, na swali hilo halimo kwenye andalio. Lakini nikaweka chaki chini, tukahesabu. Meli zina miraba 9 tu kila upande. Namba 18 mara 5, mbegu 90. Meli ikipigwa, futa namba ya mraba ule, zikiisha, umeshindwa. Hata kwa namba zile zile “ghali”, alinishinda.

Msimamizi aliandika kwamba sikufuata andalio. Ni kweli, sikufuata.

Nilichojifunza: usihamishe ubao, hamisha kile ambacho mchezo hauwezi kukisahau. Sasa jaribuni na bao letu, mashimo 32, kete 64. Humo kuna “maji” ya kuacha?