SOMO LA TOLEO HILI: Wasimamizi wa Umma Wakiungana, Hudai Nini?

Tuchukue mfano huu. Ni saa kumi jioni. Mezani pa afisa mkuu wa idara ya barabara katika kaunti fulani pana hati ya malipo ya mwanakandarasi. Barabara ilipaswa kuwekwa kalvati tatu, lakini mhandisi aliyeikagua amehesabu mbili. Simu inalia. Mkubwa mmoja anasema, "Lipa leo, hiyo nyingine atamalizia baadaye."

Afisa akitia sahihi, Kifungu cha 226(5) cha Katiba kinamngoja. Anayeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria atawajibikia hasara itakayotokea na kuilipa, hata kama ameshaondoka ofisini. Akikataa, anaogopa kuamkia barua ya uhamisho. Ni mtu mmoja, na yuko peke yake.

Somo letu linaanzia hapo. Kwa nini wasimamizi wa idara na mashirika ya serikali huunda vyama vya kitaaluma? Vyama hivyo hutetea nini? Na mwananchi anayengoja kalvati anapata nini?

Chama hiki ni cha aina gani?

Kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake katika chama, na Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Chama cha wafanyakazi hujadiliana na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, na mambo yakishindikana kinaweza kuitisha mgomo. Msimamizi yuko pagumu zaidi. Yeye pia ni mwajiriwa, lakini mbele ya walio chini yake ndiye anayesimama badala ya mwajiri.

Marekani wamelijua jambo hili muda mrefu. Chama cha wasimamizi wa serikali kuu ya huko, Federal Managers Association, kilianza mwaka 1913. Sheria ya utumishi wa umma ya mwaka 1978 haiwaruhusu wasimamizi kuingia katika makundi ya wafanyakazi yanayojadiliana na mwajiri kupitia vyama vyao. Kwa hiyo chama hicho hufanya kazi kwa hoja: huandika barua na kutoa ushahidi mbele ya kamati za bunge. Hapa Afrika tunayo AAPAM, jumuiya ya wataalamu wa utawala na usimamizi wa umma iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo ina makao yake Nairobi na huwakutanisha wasimamizi wa nchi mbalimbali kubadilishana maarifa.

Katika kaunti zetu, chama cha namna hii kinaweza kusimama juu ya madai matatu ambayo tayari yana mizizi katika Katiba.

Dai la kwanza: fedha zifike kwa wakati

Kifungu cha 219 kinasema mgao wa kaunti utumwe bila kucheleweshwa isivyofaa na bila kukatwa, isipokuwa pale ambapo umesimamishwa kisheria. Mgao ukichelewa, msimamizi wa hospitali ndiye anayemweleza mgonjwa kwamba dawa hazijaletwa. Wasimamizi wana ushahidi ambao wengine hawana: tarehe ambayo fedha ziliingia, bili zilizolala, kazi zilizosimama. Ushahidi huo ukikusanywa kutoka idara zote, una uzito kuliko malalamiko ya afisa mmoja.

Dai la pili: anayefuata sheria alindwe

Kifungu cha 236 kinasema afisa wa umma hataonewa wala kubaguliwa kwa kutekeleza kazi yake kulingana na sheria, na hatafutwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila utaratibu wa haki. Hiki ndicho kifungu cha yule afisa wa kalvati. Lakini kifungu hakijitetei chenyewe. Chama kinaweza kumtafutia ushauri wa kisheria, na kudai kwamba kila agizo la kulipa fedha liandikwe na kutiwa sahihi na aliyelitoa. Maagizo mengi ya simu hufa yakiombwa kwa maandishi.

Dai la tatu: kazi ipewe anayeiweza

Kifungu cha 232 kinataka ajira na kupandishwa vyeo vifuate ushindani wa haki na ustahili, na kinataka watumishi wapewe nafasi sawa ya mafunzo. Daktari mzuri akifanywa msimamizi wa hospitali bila kufundishwa bajeti na ununuzi, huenda tukampoteza daktari na tusipate msimamizi. Kudai mafunzo kabla ya cheo ni kumdai mwananchi haki yake.

Mipaka ya utetezi

Je, chama kidai mishahara? Kinaweza kuwasilisha maoni, lakini kwa hesabu. Tume ya Mishahara na Marupurupu ndiyo inayoishauri serikali kuhusu malipo ya maafisa wa umma. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kila shilingi inayoongezwa kwenye posho hutoka mahali.

Mpaka mwingine ni huu: chama kisiwe ngao ya mwizi. Kikimtetea kila mwanachama, hata aliyelipia kalvati ambayo haipo, siku kitakapomtetea aliyekataa kulipa hakuna atakayekisikiliza.

Wakati wa kusema

Hoja nzuri ikichelewa haifai kitu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mlango huo ni wazi kwa wote. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Kwa hiyo, mpendwa msomaji, ukisikia wasimamizi wanadai jambo fulani, uliza kwanza: wakipata wanachodai, foleni ya zahanati yetu itapungua? Jibu likiwa ndiyo, hilo ni dai lako pia, na unaweza kulipelekea ombi lako.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika wadi yenu, ni mradi gani umesimama, na nani anaweza kueleza sababu kwa tarehe na hesabu?

2. Mnajuaje kwamba msimamizi amekataa malipo kwa sababu ya sheria, wala si kwa kuzembea?

3. Kama yule afisa angekataa kutia sahihi, nani katika kaunti yenu angesimama naye?