Siku Zako Zinabadilika? Ujue Lini Upime Mimba

Karatasi iliyo ndani ya pakiti ya kipimo cha mimba hukuelekeza upime siku ambayo hedhi ilipaswa kuja. Lakini kama mwezi uliopita uliona siku zako baada ya siku 26, na kabla ya hapo ulikaa siku 41, utaijuaje siku hiyo?

Achana na kuhesabu hedhi, hesabu kuanzia tendo. Pima siku ya 21 tangu ulipojamiiana bila kinga kwa mara ya mwisho.

Kwa nini usubiri muda wote huo? Mbegu za mwanamume huweza kuishi mwilini mwako hadi siku tano zikingoja yai. Yai likisharutubishwa, huchukua kati ya siku 6 na 12 hivi kujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Hapo ndipo mwili unapoanza kutoa hCG, yaani homoni ya mimba, na ndiyo inayotafutwa kwenye mkojo. Mwanzoni huwa kidogo mno. Ukipima mapema, kipimo kitakwambia huna mimba kumbe unayo.

Kipimo hakihitaji cheti cha daktari. Tanzania, maduka mengi ya dawa huuza kile cha ukanda, na cha bei rahisi kinafaa. Angalia tu tarehe ya kuisha muda wake, na kwamba pakiti haijafunguka.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, ukiwa hujanywa maji mengi. Ukinge kwenye chombo safi, chovya ukanda usivuke alama, kisha uulaze mahali pakavu. Soma majibu ndani ya dakika zilizoandikwa, kwa kawaida tatu hadi tano. Mstari mmoja kwenye C, hakuna mimba. Miwili, ipo, hata kama wa pili umefifia. Usipoona mstari wa C, kipimo kimeharibika, chukua kingine. Na ukanda uliokaa nusu saa usiurudie kuutazama, kwani mkojo ukikauka huweza kuacha kijistari cha uongo. Zile habari za chumvi, sukari au dawa ya meno kwenye mkojo hazipimi chochote.

Na kama hukumbuki siku ya tendo, au mnakutana mara kwa mara? Pima leo. Ukipata mstari mmoja, tumia kinga, kisha urudie baada ya wiki tatu.

Anayenyonyesha asitulie kwa sababu tu hajaona hedhi: yai hutoka kabla ya damu, hivyo unaweza kushika mimba hata kabla ya hedhi ya kwanza baada ya kujifungua. Sindano ya uzazi wa mpango nayo huvuruga siku, wakati mwingine kwa miezi mingi baada ya kuiacha. Ukipima mara mbili bila kuona mimba na miezi mitatu ikapita bila hedhi, nenda kituo cha afya. Huenda ni hitilafu ya tezi la shingo, vifuko kwenye ovari, au uzito uliobadilika ghafla.

Jambo moja halisubiri. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu, au ukitokwa damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo huua.

Mistari ikiwa miwili, anza kliniki ya wajawazito kabla ya wiki ya 12. Muuguzi atakuuliza hedhi yako ya mwisho, kwa sababu tarehe ya kujifungua hukadiriwa kutokana nayo. Mwambie wazi kwamba siku zako hazina mpangilio, kisha umwombe akuandikie ultrasaundi mapema. Kwako wewe ndiyo itakayotoa tarehe ya kuaminika.