Kufundisha Somo la Uvimbe wa Ngozi

Shabaha ya somo tunalopendekeza ni kumwezesha mwanafunzi kutofautisha uvimbe wa kawaida na saratani ya ngozi, na kutambua wakati wa kwenda hospitali.

Vifaa: punje ya harage, wino, na karatasi mbili zilizoloweshwa maji.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aweke punje juu ya karatasi moja, na tone la wino juu ya nyingine. Punje hubaki mahali pake. Ndivyo ulivyo uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi. Wino hupenya na kuenea. Ndivyo saratani inavyoingia katika nyama ya jirani, kisha kusafiri mbali.

Hatua ya pili. Wanafunzi waorodheshe dalili za hatari: kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, kinundu kinachokua au kutoa damu, waa linalobadilika. Dalili si hukumu. Katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, daktari hukata kipande kikapimwa kwa hadubini.

Hatua ya tatu ni kinga. Huku kando ya Ziwa Victoria, karibu na ikweta, jua ni kali, na ngozi ya mwenye ualbino haina rangi ya kutosha kuikinga. Hapa tunaonya. Katika shule moja tulimwona mwanachuo akimsimamisha mtoto mwenye ualbino mbele ya darasa awe kielelezo. Mtoto aliinamisha kichwa. Kipindi kilichofuata alipelekwa kulima bustani juani, bila kofia. Mtoto si kifaa cha kufundishia. Mwalimu na ahakikishe ana kofia pana, shati la mikono mirefu na kazi ya kivulini. Hapo ndipo somo litakuwa limefundishwa.