SOMO: Mboga za Kilimo Hai Kitongojini, na Jinsi Majirani Wanavyodhaminiana

Neno "asilia" limekuwa jepesi kuandikwa. Limo kwenye vibao vya magenge, limo kwenye vifungashio vya unga wa lishe, na wakati mwingine limo kinywani mwa muuzaji ambaye mchicha wake umemwagiliwa maji ya mtaro. Mnunuzi hana kipimo cha kumwezesha kutofautisha. Jicho halioni mabaki ya viuatilifu, na ulimi hauyaonji. Wapo wanaoamini kwamba jani lenye matundu ni ushahidi wa usalama kwa kuwa wadudu wamelila. Ushahidi huo ni dhaifu, kwani mboga iliyoshambuliwa jana yaweza kupuliziwa dawa leo na kuuzwa kesho ikiwa na matundu yaleyale.

Somo la toleo hili linawahusu wakazi wanaolima pamoja katika viwanja vya kitongoji, wanaotarajia kuanza, na wanaonunua kwao. Litaeleza neno kilimo hai lina maana gani, kazi yake ni ipi, na nani anayestahili kulithibitisha.

Maana iliyoandikwa

Katika Afrika Mashariki neno hili halikuachwa lielee. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha mazao ya kilimo hai, kinachojulikana kwa namba EAS 456:2007, pamoja na alama moja ya pamoja iitwayo Kilimohai. Kwa upande wa Tanzania, chombo kinachounganisha wadau wa kilimo hiki ni TOAM, kilichoanzishwa mwaka 2005.

Kiwango hicho kinakataza viuatilifu na mbolea zinazotengenezwa kwa kemikali za viwandani, na kinakataza mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Lakini orodha ya makatazo ni nusu tu ya jambo. Mkulima aliyeacha mbolea ya chumvichumvi kwa sababu hana fedha ya kuinunua, naye hairudishii ardhi yake chochote, bado hajafanya kilimo hai; anaichosha ardhi kwa gharama nafuu tu. Kilimo hai kinadai rutuba ijengwe kwa mboji, kwa mazao ya jamii ya kunde, kwa kubadilisha mazao na kwa kufunika udongo. Kinadai pia kipindi cha mpito, kinachohesabiwa kwa miezi na si kwa siku, kabla ya shamba lililozoea kemikali kuanza kuuza mazao yake kwa jina hilo. Na kinadai kumbukumbu za maandishi, jambo ambalo wengi hulikimbia.

Mboji kwanza

Vikundi vingi huanza na mbegu. Ushauri wa somo hili ni kuanza na lundo la mboji, miezi mitatu kabla ya mbegu ya kwanza, na sababu yake ni ya kiafya kabla ya kuwa ya kilimo.

Samadi mbichi hubeba vimelea vya magonjwa ya tumbo. Kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa mfano, zinataka samadi mbichi ichanganywe na udongo siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa zao lisilougusa. Sasa tuulinganishe muda huo na mchicha wetu. Mchicha huvunwa kati ya wiki 3 na 4 baada ya kusia. Mtu anayetandaza mbolea mbichi ya kuku leo na kusia mchicha kesho atauza mboga kabla hata theluthi ya muda huo haijapita. Kwa mboga za majani za muda mfupi, basi, samadi mbichi haina nafasi. Ni lazima ipitie kwenye lundo na kuiva. Kinyesi cha binadamu kutoka vyooni kisitumike kabisa kwenye bustani ya mboga, hata kikiwa kimekauka.

Lundo hujengwa kwa tabaka, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1 hadi 1.5. Chini huwekwa vijiti au mabua ya mahindi ili hewa ipite. Juu yake hufuata tabaka la vitu vikavu kama majani makavu na nyasi, kisha vitu vibichi kama magugu yasiyo na mbegu na maganda ya jikoni, kisha samadi, kisha udongo kiasi kidogo pamoja na majivu machache. Kila tabaka hunyunyiziwa maji, halafu mzunguko hurudiwa hadi kimo kitimie. Vitu vikavu viwe vingi kuliko vibichi. Lundo lenye ubichi mwingi hutoa harufu mbaya, na harufu hiyo ndiyo huleta malalamiko ya majirani katika ofisi ya mtendaji.

Kipimo chake ni fimbo ndefu iliyochongwa, inayochomekwa hadi katikati ya lundo na kuachwa humo. Baada ya siku chache ichomolewe na kushikwa. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea vema. Ikiwa baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikiwa baridi na yenye utelezi na uvundo, limejaa maji na linahitaji kugeuzwa na kuongezwa vitu vikavu. Joto la nyuzi 55 na zaidi, likidumu kwa siku kadhaa, huua vimelea vingi na mbegu za magugu; lakini joto hilo huwa katikati tu, na ndiyo maana lundo hugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu ili sehemu za nje nazo zipate kuingia ndani. Mboji iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi na hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Mkazi asiye na kiwanja anaweza kutumia mboji hiyohiyo katika bustani ya gunia: katikati huwekwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na mboji, kisha matundu hutobolewa ubavuni na kupandikizwa sukumawiki au matembele. Gunia moja halilishi familia. Kwa mwenye uwanja wa hatua nne tu, hata hivyo, si haba.

Maji na mahali

Hapa kilimo hai chenyewe hakitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam ulipima madini mazito, ikiwemo risasi, katika mboga za majani zinazoliwa kila siku. Risasi haiozi, haiondolewi na mboji, na kuosha mboga hakuondoi ile iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Kikundi kinaweza kutimiza kila sharti la kutotumia kemikali na bado kikauza mboga zisizofaa, kwa sababu tu ya maji kinayochota au ardhi iliyowahi kuwa gereji au jalala. Kabla ya kuchagua kiwanja, wazee wa eneo waulizwe palikuwa na nini miaka 20 iliyopita. Swali hilo halina gharama.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Vikundi vinavyovutiwa na unyevu wa bondeni vipate ushauri kabla ya kutia jembe, si baada ya kuwekewa zuio.

Wadudu

Kinga hutangulia: kuchanganya mazao, kutopanda nyanya mahali palepale msimu baada ya msimu, kung'oa na kuteketeza mimea iliyougua. Inapobidi kupulizia, mbegu za mwarobaini ndizo zinazotegemewa zaidi. Gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa hulowekwa katika lita 1 ya maji usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, na hupuliziwa jioni kwa kuwa jua huvunja nguvu yake haraka. Kipande kidogo cha sabuni ya mche husaidia dawa kushika kwenye jani. Dawa hii haiangushi wadudu papo hapo; huwazuia kula na kukua, hivyo anayetarajia kuona vidukari vimekufa asubuhi yake atavunjika moyo bure.

Tahadhari moja: kutoka kwenye mmea si sawa na kuwa salama. Maji ya tumbaku, ambayo baadhi ya watu huyasifu, ni sumu kali kwa anayepulizia, hata kwa kupenya ngozini.

Nani athibitishe?

Tumefika kwenye kiini cha somo. Uthibitisho wa kawaida wa kilimo hai hufanywa na kampuni inayotuma mkaguzi kwa malipo. Gharama hiyo hubebwa na wauzaji wa kahawa au viungo nje ya nchi. Kikundi cha kina mama wanaouza bamia na mnafu mita mia mbili kutoka bustanini hakiwezi kuibeba. Kwa ajili yao upo mfumo shirikishi wa udhamini, uliopewa jina hilo katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Torres, Brazil, mwaka 2004, ingawa wakulima katika nchi mbalimbali walikuwa wakiutenda kabla ya hapo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaweza kuthibitishwa kwa njia hii, na mazao yakabeba alama ya Kilimohai katika soko la nyumbani. Mkoani Morogoro, shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lenye kituo cha mafunzo Vianzi wilayani Mvomero, limekuwa likifundisha wakulima wadogo kilimo hiki.

Utaratibu wake ni huu. Wanakikundi huweka ahadi ya maandishi kufuata kiwango. Kila mmoja huchora ramani ya eneo lake na kuandika anachopanda, anachoweka na lini. Kisha wanachama wenyewe hukaguana: wawili au watatu hutembelea shamba la mwenzao wakiwa na dodoso, huangalia mipaka na shamba la jirani asiye mwanachama, huchungulia ghala, huuliza mbegu zilinunuliwa wapi. Taarifa hupelekwa kwenye kamati, na kamati ndiyo huamua. Wanunuzi nao hukaribishwa katika ukaguzi, na kwa maoni ya mwandishi hili ndilo linalopuuzwa zaidi. Mwalimu au mama lishe anayenunua mboga kila siku ana haki ya kuingia bustanini na kuuliza.

Ugumu wake ni wa kibinadamu. Chukulia kwamba mwanachama mmoja ana matuta sita ya nyanya, kantangaze ameingia, na ada ya mtoto inategemea matuta hayo. Duka la pembejeo liko hatua chache. Akipulizia usiku, nani atamjua? Pengine jirani yake, ambaye pia ni shemeji yake, na ambaye ndiye aliyepangwa kumkagua mwezi ujao. Mfumo unaotegemea kujuana una nguvu kwa sababu majirani wanaona mengi kuliko mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka. Na una udhaifu kwa sababu hiyohiyo, kwani majirani husitiriana.

Vikundi vinavyodumu hulikabili jambo hili mapema. Wakaguzi hupangwa kwa kura, na ndugu hakagui ndugu. Adhabu huandikwa kabla ya kosa la kwanza, na hutofautisha anayesema mwenyewe na anayefichuliwa: wa kwanza hutengewa eneo lake, nyanya zake huuzwa kama mazao ya kawaida baada ya kutimia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya kiuatilifu, naye huanza upya kipindi cha mpito, wa pili hupoteza uanachama. Baadhi huweka pia akiba ndogo ya kumkopesha mwanachama aliyeshambuliwa na wadudu, ili uchaguzi wake usiwe kati ya dawa na ada. Bila akiba hiyo, ahadi ya maandishi hubebwa na yule mwenye shida zaidi, na hiyo si haki.

Faida ya ukali huu huonekana pale mnunuzi anapouliza. Kikundi chenye daftari kinaweza kufungua ukurasa na kuonyesha. Na mnunuzi mwenyewe ana kazi yake: kabla ya kulipa bei ya juu kwa neno "asilia", aombe kuona cheti au daftari.

Mbegu na mtaji

Mchicha, mnafu na mgagani huzaa mbegu zinazoweza kuhifadhiwa nyumbani. Iachwe mimea michache iliyo bora ikomae, si ile iliyobaki kwa kukosa mnunuzi. Kituo cha World Vegetable Center kilichopo Arusha, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 1992, kinahifadhi aina nyingi za mboga za asili ya Afrika, na baadhi zimeingia katika soko la mbegu nchini. Mbegu ya dukani yenye rangi ya waridi au buluu kwa kawaida imepakwa dawa na haifai kwa kilimo hai.

Kuhusu mtaji, sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha bustani kilichosajiliwa kinaweza kuomba kama kikundi kingine chochote. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Ushauri wa mboji, wadudu na uchaguzi wa kiwanja hutolewa na Afisa Ugani wa Kata bila malipo. Waombaji wabebe katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichopitisha ombi, na maelezo ya kiwanja yakionyesha mmiliki ni nani na ameridhia kitumike kwa muda gani. Kama kiwanja ni cha shule au cha kijiji, ridhaa hiyo iwe ya maandishi.